Sura ya Tatu: Mtoto Anavyowajua Watu Wake

Ami anarudi Ras Kamboni kutoka Mombasa. Amekaa huko mwaka mzima na ushei, na mwana wa ndugu yake kazaliwa yeye hayupo. Anamnyooshea mikono. Mtoto, umri wake miezi tisa, anamkazia macho, mdomo unamcheza, kisha anaangua kilio na kujificha shingoni kwa bibi yake. Waliopo wanacheka. Ami anaumia: "Huyu si damu yangu? Kwani hanijui?" Bibi anamjibu huku akimpigapiga mtoto mgongoni: "Akujuaje, baba, na wewe hukai?"

Kisa kama hiki hakikosekani pwani, kuanzia Kismayo na visiwa vya Wabajuni hadi Kiunga na Lamu, na jibu la bibi ndilo sahihi. Tunapenda kusema damu huvuta damu. Kwa mtu mzima huenda ikawa hivyo, maana ameshaambiwa nani ni nani wake. Mtoto mchanga hajaambiwa kitu. Huzaliwa na hamu ya kuwajua watu, na masikio, pua na macho ya kuitimizia hamu hiyo. Watakaokuwa wake ni wale wanaomjia tena na tena, na wanaomjibu anapoita. Sura hii inamfuata tangu yumo tumboni mpaka siku anapomkataa ami yake.

Njia anayopita ni kama ya nahodha anayekaribia Ras Kamboni usiku: kwanza husikia mawimbi yakipiga mwamba, halafu hunusa harufu ya nchi kavu, na kuona huja mwisho.

Sauti hutangulia

Mimba ikifika miezi sita hivi, masikio ya mtoto yamekwisha anza kazi. Humo alimo si kimya. Moyo wa mama unapiga, damu inapita, tumbo linanguruma, na juu ya hayo yote kuna sauti ya mama mwenyewe, ambayo humfikia mtoto kwa nguvu kuliko sauti nyingine kwa sababu husafiri ndani ya mwili uliombeba. Sauti za watu wa nje humfikia zimefifia.

Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walitafuta njia ya kumuuliza mtoto mchanga anapenda sauti ya nani. Walichukua watoto kumi ambao hawajatimiza siku tatu, wakawavalisha vipokea sauti vidogo masikioni na kuwapa chuchu ya mpira wanyonye. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani alisikia mama yake akisoma hadithi. Akibadilisha mwendo, alimsikia mwanamke mwingine akisoma hadithi ile ile. Wanane kati ya kumi walibadilisha namna ya kunyonya ili wampate mama. Hawajui kuinua shingo, lakini wanajua sauti ya kuitafuta.

Miaka minne baadaye DeCasper alirudia jambo hilo kwa kina baba. Watoto waliweza kutofautisha sauti ya baba na ya mwanamume mwingine, ila hawakuonyesha kuipenda zaidi ya baba. Kina baba wasivunjike moyo. Maana yake ni kwamba mama huanza safari na akiba ya miezi mitatu, na baba huanza siku ya kuzaliwa. Pwani tuna ada nzuri kwa siku hiyo: mtoto huadhiniwa sikio la kulia na kukimiwa la kushoto, mara nyingi na baba au babu. Sababu ya ada hiyo ni ya dini, lakini anayeifanya huwa amemsogelea mtoto hadi pumzi yake inamfika, na sauti yake ni miongoni mwa za kwanza kusikika waziwazi. Kosa ni kumaliza kuadhini kisha kunyamaza miezi sita.

Mtoto hazoei sauti ya mtu tu, huzoea na mwendo wa lugha. Mwaka 1993 Christine Moon na wenzake walionyesha kwamba watoto wa siku mbili, wa mama wanaosema Kiingereza na wa mama wanaosema Kispaniola, kila mmoja alipendelea kusikia lugha ya mama yake. Mwaka 2007 Katherine Kinzler na wenzake wakaona kwamba watoto wa miezi mitano hadi sita hupenda kumtazama mtu aliyezungumza lugha yao, na tena kwa lafudhi ya kwao, kuliko aliyezungumza kigeni. Mtoto wa Ras Kamboni, basi, huzaliwa mapigo ya Kibajuni yamo masikioni, na kama majirani wa mama yake ni Wasomali, na Kisomali kimo. Kwake mwenyeji ni yule anayesema kama watu wa nyumbani wasemavyo.

Harufu haina mpinzani

Mwaka 1975 daktari Aidan Macfarlane wa Oxford aliweka vitambaa viwili pande mbili za kichwa cha mtoto. Kimoja kilikuwa kimekaa kwenye titi la mama yake, kingine kwenye titi la mama mwingine anayenyonyesha. Watoto wa siku mbili hawakuonyesha tofauti. Wa siku sita waligeukia kitambaa cha mama yao mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ndani ya wiki moja, kabla hata kitovu hakijadondoka kwa baadhi yao, harufu ya mama imeshatengwa na nyingine.

Utafiti wa Heili Varendi na wenzake wa mwaka 1994 uliongeza jambo la kufaa kwa wakunga. Mara tu baada ya kuzaliwa, watoto 30 waliwekwa kifuani kwa mama zao, titi moja limeoshwa na jingine halijaguswa. Ishirini na wawili walilifuata lisilooshwa.

Hapa tuzungumze na nyumba zetu. Mzazi wa pwani hutunzwa kwa harufu: hukandwa mafuta, husingwa, hufukizwa ubani na udi. Ni heshima na ni raha, na mwanamke aliyetoka kwenye uchungu anastahili vyote viwili. Lakini kwa mtoto wa siku tatu harufu ya jasho na maziwa ya mama ndiyo anwani ya nyumba. Titi lisipakwe manukato wala kusuguliwa kwa sabuni kali kabla ya kunyonyesha. Na chetezo kikiwashwa, mtoto atolewe chumbani mpaka moshi utoke, kwa sababu mapafu yake bado machanga.

Uso na mtandio

Macho ndiyo yanayochelewa. Mtoto mchanga huona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, na vilivyo mbali zaidi ni ukungu. Ajabu ni kwamba hicho ndicho kiasi cha umbali uliopo kati ya uso wake na uso wa mtu aliyempakata. Dunia anayoiona sawasawa inaishia pale mapaja ya mlezi yanapoishia. Na katika dunia hiyo ndogo, kitu anachokifuata ni uso. Majaribio ya mwaka 1975 yalionyesha kwamba hata watoto wenye dakika chache tangu wazaliwe walifuata zaidi kwa macho mchoro wenye macho, pua na mdomo mahali pake kuliko mchoro wenye vitu hivyo hivyo vilivyovurugwa.

Lakini kupenda uso si kujua uso wa nani. Mwaka 1995 Olivier Pascalis na wenzake, huko Ufaransa, waliwaonyesha watoto wa siku nne hivi mama yao na mwanamke mwingine wasiyemjua, bila sauti wala harufu kuwasaidia. Watoto walimtazama mama zaidi. Kisha wanawake wote wawili wakafungwa skafu, nywele na paji la uso juu vikafunikwa. Mapendeleo yakatoweka. Walichokuwa wakikijua watoto wale ni umbo la nje, pale nywele zinapokutana na uso. Ndani ya uso, yaani macho, pua na kinywa, walikuwa hawajapasoma.

Jambo hili linatuhusu sana. Mama wa Ras Kamboni akiwa chumbani huwa kichwa wazi, nywele zimesukwa au zimeachwa. Akitoka ukumbini penye wageni hujitupia leso au mtandio, na akienda mbali huvaa buibui. Kwa mtu mzima ni yule yule. Kwa mtoto wa siku chache, anayemtazama tu na hasikii sauti yake, huenda akawa mwanamke mwingine. Dawa yake ni nyepesi: mama asemeshe. Neno moja likitoka kinywani, sauti humaliza mashaka ambayo mtandio umeyaleta.

Hali hiyo haidumu. Mwaka 2001 utafiti mwingine, wa Jon Bartrip pamoja na John Morton na Scania de Schonen, ulionyesha kwamba kuanzia siku 35 hivi mtoto humtambua mama kwa sehemu za ndani za uso hata nywele zikifunikwa. Siku 35, na arobaini yetu ni siku 40. Wazee waliotuachia ada ya mzazi kukaa ndani hawakuwa wakipima macho ya watoto. Walikuwa wakilinda afya ya mama na staha ya nyumba. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mtoto hupewa wiki sita za kumsoma mtu mmoja, kwa karibu, katika nuru ya chumba kimoja, kabla ya kutolewa nje kwenye nyuso nyingi. Anayefikiria kuifupisha arobaini kwa sababu ya shughuli akumbuke hilo.

Nyuso anazoziona kila siku humjengea kipimo cha nyuso zote. Paul Quinn na wenzake, mwaka 2002, waliona kwamba watoto wa miezi mitatu waliolelewa na wanawake hupenda kutazama nyuso za kike, na wale wachache waliokuwa wakilelewa na baba hupenda za kiume. Yair Bar-Haim na wenzake, mwaka 2006, walilinganisha watoto wa miezi mitatu wa Kiethiopia walioko Ethiopia, watoto weupe wa Israeli, na watoto wa Kiethiopia waliohamia Israeli na kuona watu wa rangi zote mbili kila siku. Makundi mawili ya mwanzo yalipenda nyuso za rangi ya kwao. Kundi la tatu halikupendelea upande wowote. Mtoto hana ubaguzi wa kuzaliwa nao, ana mazoea.

Anayejibu ndiye anayejulikana

Siku za kwanza mtoto hucheka usingizini, na wazee husema anachezeshwa na malaika. Ikifika wiki ya sita hadi ya nane, kicheko kinabadilika: sasa anakutazama machoni kwanza, ndipo anacheka. Tangu hapo mtoto hatambui watu tu, huwataka.

Edward Tronick alionyesha mwaka 1978 jinsi anavyowataka. Mama alikaa mbele ya mtoto wake wakacheza kama kawaida. Kisha akaambiwa ageuze uso kuwa mkavu: amtazame mtoto, asicheke, asiseme, asiguse, kwa dakika chache tu. Mtoto alianza kwa kumchekea. Asipojibiwa akapunga mikono, akatoa sauti, akamchekea tena. Mwishowe akageuza kichwa, akanywea. Mama hakuwa ameondoka. Alikuwa pale pale, karibu ya kushikwa. Kilichoondoka ni jibu.

Siku hizi hatuhitaji maabara kuliona hilo. Mama ameshika mtoto mkono mmoja na simu mkono wa pili, macho yako kwenye simu, uso hauna habari. Mtoto hupiga kelele, hunyoosha mkono, kisha huacha. Sisemi simu itupwe. Nasema mtoto akiita, simu ingoje.

Kwa nini ami alikataliwa

Kati ya miezi sita na tisa kazi yote hiyo huzaa matunda ambayo wageni huyaona kama utovu wa adabu. Mtoto aliyekuwa akipokelewa na kila mtu huanza kuchagua. Humlilia anayetoka, humtambalia, humkataa asiyemjua. Kilio kile hakina maana ya jicho baya, wala hakimaanishi kwamba mtoto amedekezwa. Ni ushahidi kwamba sasa anajua wake, na ndiyo maana anajua asiye wake.

Utafiti uliotufungua macho kuhusu hatua hii ulifanywa kwa jirani zetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala na mumewe. Alitembelea vijiji vya Baganda nje ya mji, akawafuatilia watoto 28 wa kina mama 26, takriban kila wiki mbili, saa mbili kwa safari, kwa muda wa hadi miezi tisa. Alikaa sebuleni, akazungumza na mama kwa msaada wa mkalimani, akaandika alichokiona. Kitabu kilichotoka humo mwaka 1967, Infancy in Uganda, kimeathiri sana fani ya malezi duniani.

Aliona watoto wakitambaa kwenda kuchungulia vitu, kisha wakirudi kumgusa mama na kwenda tena, kana kwamba wanahakikisha yupo. Aliona mtoto akimpokea mama kwa kupiga makofi, kwa sababu Baganda hawakuwa na desturi ya kubusu. Katika wale 28, 16 walikuwa na utulivu na mama zao, saba walikuwa na wasiwasi na kulialia, na watano hawakuwa wameonyesha kushikamana na mtu. Kilichowatofautisha zaidi ni jinsi mama alivyomjua mtoto. Mama wa mtoto mtulivu akiulizwa habari za mwanawe hakosi la kusema: analia vipi akiwa na njaa, anapenda kulazwa upande gani, jana kafanya nini. Alikuwa akimtazama.

Kwa mgeni, basi, ushauri ni mfupi. Usimnyakue mtoto. Kaa kwanza na mama yake au bibi yake, zungumza nao, mwache akutazame akiwa mikononi mwa watu wake. Akiona wake wamekuridhia, atakujia.

Mikono mingi, lakini ile ile

Wazungu walipoanza kuandika juu ya malezi walimtazama mama peke yake. Huku kwetu swali la kwanza la msomaji ni jingine: na bibi je? Na shangazi, na dada mkubwa, na jirani?

Msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, una jibu. Miaka ya 1980 Tronick, Gilda Morelli na Steve Winn walikaa na Waefe, wawindaji ambao mtoto wao hupokezanwa tangu siku ya kwanza. Katika wiki ya tatu mtoto alikuwa na watu wasio mama yake asilimia 39 ya muda. Katika wiki ya 18, asilimia 60, na walezi wake kwa wastani walikuwa 14. Hata hivyo watoto hao walipokaribia mwaka, walimtaka mama zaidi ya wengine. Mikono mingi haikuwapoteza.

Kwa Wagusii wa Kenya, Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman waliona mwaka 1986 kwamba mtoto hushikamana na mama na pia na mlezi wake, ambaye mara nyingi ni dada au binti wa jamaa. Kwao salamu ni kupeana mkono, hivyo mtoto mtulivu alimpokea mama yake kwa kumnyooshea mkono kama mtu mzima. Na huko Glasgow, mwaka 1964, Rudolph Schaffer na Peggy Emerson waliwafuatilia watoto 60 na kuona kwamba mtu anayependwa zaidi si lazima awe anayekaa naye saa nyingi au anayemlisha. Ni anayemjibu.

Hatari iko kwingine. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walianza kuwafuatilia watoto 136 wa vituo vya mayatima vya Bucharest, Romania. Nao walikuwa na mikono mingi, lakini mikono ya zamu, leo huyu na kesho yule, kila mmoja na watoto wengi wa kuwalisha. Waliohamishiwa kwenye familia kabla ya kutimiza miaka miwili hivi walipata nafuu kubwa kuliko waliochelewa. Mtoto anaweza kuwa na watu wengi. Hawezi kuwa na watu wanaobadilika kila siku.

Hata hivyo si kila nyumba yetu bado ina mikono mingi. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni. Familia zilipanda mashua na majahazi zikaenda Lamu na Mombasa, na baadhi ya watu waliishia Uingereza. Nyumba iliyokuwa na bibi, shangazi na majirani ikabaki na mama peke yake katika chumba cha ugenini. Mama wa namna hiyo hapungukiwi na mapenzi. Hupungukiwa na watu wa kupokezana naye. Asione haya kumchagua jirani mmoja au wawili wa kuaminika, na wawe wale wale.

Baba aliye baharini

Kusi likitulia, wanaume huenda baharini siku nyingi, na wengine hutafuta kazi Mombasa au Ghuba. Baba wa namna hii hawezi kuongeza saa. Anaweza kuzitumia vizuri alizo nazo. Akiwa nyumbani, shughuli moja iwe yake kila siku, iwe ni kumwogesha mtoto au kumbembeleza mpaka alale.

Akiwa mbali ipo simu, ila ina masharti yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini. Kwa waliovuka mwaka, utafiti wa Lauren Myers na wenzake, mwaka 2017, ulilinganisha watoto waliozungumza na mtu kwa video moja kwa moja na waliotazama mtu huyo huyo kwenye video iliyorekodiwa. Baada ya wiki moja, waliozungumza naye moja kwa moja ndio waliomtambua zaidi, kwa sababu alikuwa akiwajibu. Baba aliye Dubai asitume video ya kuchezwa mara kumi. Apige, amwite mtoto kwa jina lake, na mama akae kando ya mtoto aipokee sauti hiyo kwa furaha.

Kwa msomaji mwenye mtoto mchanga nyumbani, haya ndiyo ya kushika. Mchagulie watu wawili au watatu watakaomlea, wasibadilike ovyo. Mama akilazimika kusafiri au kulazwa, anayebaki na mtoto awe mtu aliyezoeana naye kabla. Aanze siku kadhaa mapema kumpakata na kumlisha mama akiwepo. Mtoto akilia, ajibiwe. Kumjibu mtoto wa miezi minne si kumdekeza. Na ukiona amefika miezi mitatu hajacheka na mtu, au haigeukii sauti, au amefika miezi tisa na hana tofauti kati ya watu wake na wageni, usingoje wala usisikilize anayesema atakua tu. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, apimwe masikio na macho.